Funguo 140 za gemu zimetawanyika kwenye daftari na WhatsApp: nianzie wapi?

SWALI

Dada Mshauri, shikamoo.

Naandika kutoka Pasua, Moshi. Kwa miaka minne nimekuwa nikinunua gemu za kompyuta kwa vifurushi: unalipa mara moja, unapewa funguo (namba za siri za kusajili gemu) nane, kumi, hata kumi na tano. Sasa ninazo kama 140 ambazo sijazitumia. Sitini hivi nimeziandika kwa mkono kwenye kaunta buku. Arobaini hivi ni picha za skrini nilizojitumia mwenyewe WhatsApp. Zilizobaki ziko kwenye akaunti zangu za maduka mawili ya mtandaoni, sijabonyeza kitufe cha kuzifunua. Nimezilimbikiza kwa sababu laptopu yangu ina diski ya GB 256 na imejaa, na bando ninalomudu halitoshi kushusha gemu ya GB 40.

Mwezi uliopita nilianza kuhamishia za daftarini kwenye Excel. Nilipojaribu chache kwenye Steam, jukwaa la mtandaoni la kusajili na kuchezea gemu, tatu ziliniletea maneno "Duplicate product code", nne nikaambiwa si sahihi, kisha Steam ikanizuia kuingiza nyingine. Kwenye duka mojawapo, gemu mbili zimeandikwa kwamba muda wa kuzichukua umekwisha. Kuna picha moja ya funguo niliwahi kuirusha kwenye grupu la washikaji ili wachague, na sikumbuki nani alichukua nini. Pia nina akaunti ya zamani ya Steam niliyoifungua nikiwa sekondari.

Nizihifadhi wapi zisipotee wala kuibwa? Zile zilizokataa zimekufa? Mdogo wangu anasoma chuo Arusha, anakaa Sakina, ameniomba gemu, nimpeje? Na rafiki yangu mwenye ukumbi wa gemu karibu na stendi anataka nimuuzie funguo 30 aweke kwenye kompyuta zake. Nimuuzie?

Mwenye Kaunta Buku, Moshi

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Swali lako la kwanza ni mahali pa kuhifadhi, lakini nitaanza na hilo la diski na bando, maana ndilo lililozaa mengine yote. Kusajili ufunguo si kushusha gemu. Ukiuingiza kwenye Steam, jina la gemu linaongezwa kwenye maktaba ya akaunti yako, basi. Hakuna hata GB moja inayoshuka mpaka wewe mwenyewe uagize gemu isakinishwe, iwe kesho au baada ya miaka mitatu. Usajili wenyewe ni kufungua ukurasa mmoja wa intaneti, na unaweza kuufanya kwenye kivinjari cha simu kwa anwani ya store.steampowered.com/account/registerkey. Kwenye laptopu unaingia menyu ya Games, halafu "Activate a Product on Steam". Diski yako ingeweza kujaa mpaka leo na funguo zako zote zikawa zimeshasajiliwa.

Ufunguo ambao haujasajiliwa ni sawa na vocha ya muda wa maongezi: anayewahi kuingiza namba ndiye mwenye salio. Haujui jina lako. Ukishausajili, unageuka gemu ndani ya akaunti yenye neno la siri na Steam Guard, ulinzi wake wa hatua ya pili, na kaunta buku hata ikiloa hakuna kinachopotea. Kwa hiyo, kwa kila gemu unayoitaka wewe mwenyewe, ghala bora ni akaunti yako. Kinachobaki kutafutiwa pa kuwekwa ni zile za kugawa, zile unazosubiri kuamua, na za majukwaa ambayo huna akaunti.

Anza na zile ambazo hujazikwangua, yaani hujabonyeza kitufe cha kuzifunua, zilizo kwenye maduka mawili. Zifanye leo, kabla ya daftari. Watu wengi huamini kuwa ufunguo usiofunuliwa uko salama milele. Si kweli. Maduka ya vifurushi sasa huweka tarehe ya mwisho ya kuchukua baadhi ya funguo, na hilo ndilo lililokupata kwenye gemu mbili. Wakati mwingine duka linaishiwa funguo za gemu fulani kwa sababu mchapishaji aliwapa idadi maalumu, na uliyechelewa kubonyeza unaambiwa usubiri nyingine zije. Tena jukwaa lenyewe linaweza kufungwa. Vifurushi vya mwanzo vya duka la Humble Bundle, vilivyoanza mwaka 2010, vilikuja pia na funguo za jukwaa la Desura. Kampuni iliyoimiliki Desura ikafilisika mwaka 2015, na ufunguo wa Desura leo ni herufi tupu.

Faida ya kutokukwangua ipo, na ni moja ya maana: kuna maduka, Humble Bundle likiwemo, yanayokuruhusu kugeuza ufunguo ambao haujafunuliwa kuwa kiungo cha zawadi. Ukishaufunua, njia hiyo inafungwa, na mara nyingi hata madai ya kurudishiwa pesa yanafungwa nayo. Basi pita gemu moja moja na uamue papo hapo. Unaitaka? Kwangua na usajili dakika hiyohiyo. Unajua utampa nani? Tengeneza kiungo umtumie leo. Hujui? Iache, ila andika tarehe yake ya mwisho.

Kwenye tarehe hizo kuna mitego miwili inayowanasa watu wa huku kwetu. Duka la Marekani likiandika 03/04/2026, linamaanisha tarehe 4 Machi, wakati wewe unasoma tarehe 3 Aprili. Utafika tarehe 2 Aprili ukiamini una siku moja mkononi, kumbe mlango ulifungwa karibu mwezi mzima uliopita. Kwenye orodha yako andika mwaka kwanza: 2026-03-04. Kompyuta pia itazipanga vizuri zaidi zikiandikwa hivyo. Mtego wa pili ni saa. Mwisho ukiwa saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwetu ni saa 2 usiku wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa 3 usiku wakati wa baridi yao. Usihifadhi saa kabisa. Rudisha tarehe nyuma siku mbili na ufanye hiyo ndiyo mwisho wako.

Sasa zile saba zilizokataa. Zina magonjwa mawili tofauti.

"Duplicate product code" maana yake ufunguo uliusoma sawasawa, herufi kwa herufi, ila umeshasajiliwa kwenye akaunti nyingine. Mwandiko wako hauhusiki hapo, kwa sababu ukikosea herufi unaambiwa ufunguo si sahihi. Huangukii kwa bahati kwenye ufunguo halisi wa mtu mwingine. Wa kushukiwa ni wawili: ile akaunti yako ya sekondari, na lile grupu. Ingia kwenye akaunti ya zamani, fungua store.steampowered.com/account/licenses. Ukurasa huo unaorodhesha kila gemu iliyoingia kwenye akaunti, tarehe iliyoingia, na namna ilivyopatikana. Zilizoingia kwa ufunguo zimeandikwa "Retail". Ukizikuta hizo tatu pale, hujaibwa, uliwahi kuzisajili ukasahau. Steam haihamishi gemu kutoka akaunti moja kwenda nyingine, kwa hiyo gemu hizo zitaendelea kuishi huko, na akaunti hiyo itunze usiitelekeze. Usipozikuta, zilichukuliwa na mshikaji aliyewahi, na hakuna wa kumdai: uliirusha mwenyewe ukawaambia wachague. Zifute kwenye hesabu.

Ukurasa huohuo ufungue kwenye akaunti yako ya sasa pia. Nina hakika kati ya hizo 140 kuna ambazo ulishasajili bila kuzikata kwenye daftari. Kumbuka tu kwamba unaonyesha majina na tarehe, hauonyeshi ufunguo uliotumika. Ndiyo maana jina la gemu lazima liandikwe pembeni ya kila ufunguo. Ufunguo peke yake hausemi ni wa gemu gani mpaka siku unapousajili.

Nne ulizoambiwa si sahihi zina nafasi kubwa ya kupona. Ufunguo wa Steam huwa na herufi na tarakimu 15, kwa kawaida katika mafungu matatu ya tano tano yaliyotenganishwa kwa kistari. Hesabu kwanza. Ukikuta mafungu manne ya tano tano huenda ni wa duka la Epic, na mafungu matano ni mtindo wa Microsoft na Xbox. Hizo hazina kosa, zimegonga mlango usio wao. Herufi zikiwa 15 kamili, tazama jozi zinazofanana kwa mwandiko: 0 na O, 1 na I, 8 na B, 5 na S, 2 na Z, V na U. Halafu kagua Excel yako, kwa sababu inaweza kuwa ndiyo iliyoharibu.

Excel ina tabia hii: ukishika kona ya kiboksi chenye maandishi yanayoishia na tarakimu na kukivuta chini, hairudii maandishi, inaongeza tarakimu ya mwisho. Ufunguo unaoishia na K7 unazaa wa uongo unaoishia na K8, kisha K9. Ukiona mistari inayofuatana ambayo funguo zake zinatofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu, wa juu ndio wa kweli na waliobaki ni watoto wa kuvuta. Kosa la pili ni kupanga safu moja peke yake kwa alfabeti. Majina yanajipanga, funguo zinabaki zilipo, na kuanzia hapo kila gemu ina ufunguo wa jirani yake. Excel huuliza kama ipanue eneo la kupanga. Kubali ipanue, au chagua jedwali lote kabla ya kupanga. La tatu linahusu kadi za zawadi zenye tarakimu tupu: Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, kuanzia ya 16 inaweka sifuri, na sifuri za mwanzoni inazitupa. Ukishahifadhi faili hivyo, tarakimu hizo hazirudi. Dawa ni kuifanya safu nzima kuwa ya maandishi kabla hujabandika kitu chochote ndani yake.

Kama duka bado lina oda yako, usihangaike kusoma mwandiko. Rudi kwenye ukurasa wa oda, ufunguo upo pale, ukopi na kuubandika. Angalia usije na nafasi tupu mwanzoni au mwishoni. Kuandika kwa mkono kuwe njia ya mwisho kabisa.

Kizuizi ulichopata si adhabu ya kudumu. Steam hufunga usajili kwa muda, aghalabu kama saa moja, akaunti au mtandao unapojaribu mara nyingi mfululizo, na majaribio yaliyokosewa huleta kizuizi upesi zaidi. Kama unatumia Wi-Fi ya pamoja, hata makosa ya mwenzako kwenye mtandao huo yanaweza kukugusa. Fanya kumi au kumi na tano kwa mkao mmoja. Tatu zikikataa mfululizo, acha na utafute sababu. Usibahatishe herufi. Na usiingize ufunguo kwenye tovuti yoyote inayodai kukagua kama bado mzima: hakuna namna ya kuujaribu bila kuusajili, kwa hiyo anayekuahidi kukukagulia atauchukua.

Kuna majibu mengine matatu utakayokutana nayo. Ukiambiwa gemu hiyo tayari unayo, ufunguo haujatumika. Ni mzima, mpe mdogo wako. Lakini ukiwa ni wa kifurushi chenye gemu pamoja na nyongeza zake, na wewe umekosa hata nyongeza moja, Steam itaupokea, itakupa hiyo moja, na ufunguo utakuwa umekwisha. Ukiambiwa unahitaji kumiliki bidhaa nyingine, huo ni wa nyongeza. Sajili gemu kuu kwanza. Ukiambiwa haupatikani katika nchi yako, ufunguo umefungiwa eneo, na hapo usikimbilie VPN, programu ya kukuonyesha uko nchi nyingine. Masharti ya Steam yanakataza kuficha mahali ulipo, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba anayetumia VPN aitolee taarifa kwao. Akaunti yenye gemu mia haifai kuhatarishwa kwa ajili ya moja. Andikia duka ulikonunua.

Tuje kwenye kuhifadhi. Kwa zile zitakazobaki bila kusajiliwa, nashauri vitu viwili: jedwali lisilo na funguo, na sanduku lenye funguo.

Jedwali ni la kukuonyesha hali, na unaweza kuliacha Google Sheets bila hofu kwa kuwa halina cha kuiba. Weka jina la gemu, jukwaa, duka, namba ya oda, tarehe ya kununua, tarehe ya mwisho, hali, na herufi tano za mwisho za ufunguo ili uweze kuulinganisha. Safu ya hali ndiyo moyo wa kazi yote. Tumia maneno yaleyale kila mara: haijakwanguliwa, imekwanguliwa, imesajiliwa, imetolewa, imekufa. Ikiwa imesajiliwa andika kwenye akaunti ipi, kwa sababu unazo mbili. Ikiwa imetolewa andika kwa nani na lini. Ungekuwa na safu hiyo, lile swali la nani alichukua nini kwenye grupu lisingekuwepo.

Sanduku liwe programu ya kutunza maneno ya siri. KeePassXC inakufaa kwa sababu ni ya bure, haihitaji intaneti, na kila kitu kinakaa ndani ya faili moja iliyofungwa, yenye mwisho wa .kdbx. Kwenye Android faili hiyohiyo inafunguliwa na KeePassDX. Tengeneza faili, ipe neno la siri la maneno matano yasiyohusiana. Kwa kila ufunguo fungua ingizo moja: jina la gemu liwe kichwa, jina la duka mahali pa jina la mtumiaji, ufunguo mahali pa neno la siri ili ufichwe kwa nukta, na anwani ya kusajili mahali pa tovuti. Kuna sehemu ya tarehe ya kuisha. Weka humo ile tarehe uliyoirudisha siku mbili nyuma, kisha kwenye mipangilio agiza programu ikuonyeshe zinazokaribia kuisha kila unapoifungua. Sehemu hiyo wengi huiruka, na ndiyo ingeokoa zile gemu mbili.

Usiandike zote kwa vidole. Hifadhi jedwali lako safi la Excel, lenye funguo, kama CSV (faili ya maandishi matupu), kisha KeePassXC iliingize. Baada ya kuhakikisha mistari imekaa mahali pake, futa CSV hiyo na uimalize kwenye pipa la taka la kompyuta, la sivyo umejenga sanduku la chuma na kuacha nakala mezani. Jambo moja litakushangaza mwanzoni: ukikopi ufunguo kutoka KeePassXC, unafutika baada ya sekunde 10. Ukibandika ukaona patupu, programu haijaharibika, umechelewa tu. Fungua ukurasa wa kusajili kwanza, ndipo ukopi.

Nakala ziwe tatu: laptopu, simu, na flashi. Flashi hiyo isitoke nyumbani. Ile inayopita steshenari kuprinti na kubeba muvi itarudi na virusi siku moja. Kila baada ya miezi mitatu ifungue uone kama faili inasomeka. Badilisha vitu kwenye laptopu tu na ukaitume upya kwenye simu; ukibadilisha pande zote mbili utapata faili mbili zinazopingana, ingawa KeePassXC ina uwezo wa kuziunganisha. Neno la siri liandike kwenye karatasi, uliweke palipo na vyeti vya kuzaliwa vya nyumbani. Ukilisahau, hakuna wa kulirejesha.

Ukimaliza kuhamisha, futa zile picha 40 za WhatsApp, na angalia pia galari na nakala ya Google Photos, kwa sababu picha za skrini huenda zilipakiwa huko zenyewe. Kaunta buku usiichome. Kata kwa mstari kila ufunguo uliosajiliwa, na uitunze. Funguo zilizotumika zina kazi: akaunti ya Steam ikiibwa, ufunguo uliousajili humo ni mojawapo ya vitu unavyoweza kuwapa wahudumu kuthibitisha kuwa wewe ndiye mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo hifadhi risiti za barua pepe kama PDF, na kama unalipa kwa kadi za mtandaoni zinazotengenezwa kwenye simu, andika tarakimu nne za mwisho za kila kadi kabla hujaifuta. Miaka miwili baadaye duka litakuuliza, nawe hutakuwa nayo.

Za duka la GOG zichukulie kwa namna nyingine kidogo. Ukishasajili ufunguo wa GOG unaruhusiwa kushusha faili ya kusakinisha isiyodai intaneti wala kuthibitishwa tena. Siku ukipata mtandao wa uhakika, zishushe uziweke kwenye diski ya nje. Hizo ndizo gemu pekee ambazo utakuwa umezishika mkononi kweli.

Mdogo wako wa Sakina. Zile ambazo hujakwangua, mpe kwa kiungo cha zawadi. Zilizokwanguliwa, mtumie ufunguo kwa maandishi, yeye peke yake, mkiwa mnaongea kwa simu. Asajili hapohapo akuthibitishie, nawe ubadilishe hali kwenye jedwali kabla hujakata simu. Ukimtumia ishirini azihifadhi, utakuwa umehamishia kaunta buku Arusha. Kama akaunti yake ni mpya, ajue kuwa Steam huiwekea mipaka akaunti ambayo haijatumia walau dola 5 kwenye duka lao, na kusajili funguo hakuiondoi. Gemu atacheza, ila hawezi kutuma ombi la urafiki. Basi tuma wewe.

Kuhusu gemu ulizokwisha sajili, ipo Steam Families, iliyofunguliwa kwa wote Septemba 2024. Inachukua hadi watu sita na kila mmoja anaona gemu za wenzake, isipokuwa zile ambazo wachapishaji wamezitoa. Nakala moja inachezwa na mmoja kwa wakati mmoja. Valve, wenye Steam, wameilenga kwa watu wa kaya moja, kwa hiyo ina maana ikiwa mdogo wako kwao bado ni Pasua na chuo ni cha muda. Mambo mawili yatafakarini kabla: akidanganya kwenye gemu yako akafungiwa, na wewe unafungiwa gemu hiyo, na anayejiunga hawezi kuhamia familia nyingine mpaka mwaka upite.

Rafiki yako wa stendi, mjibu hapana, na mweleze kwa nini. Funguo za vifurushi huuzwa kwa matumizi binafsi na maduka hukataza kuziuza tena. Akaunti ya Steam nayo ni ya matumizi yasiyo ya biashara. Wenye kumbi wana mpango wao, Steam PC Café Program, na huko ndiko aelekee. Hata ukiweka masharti pembeni, hesabu yake haikai. Funguo 30 ni gemu 30 tofauti, nakala moja moja. Akizisajili zote kwenye akaunti moja, mteja akiwa anacheza kwenye kompyuta ya kwanza, wa pili akifungua gemu mtandaoni kwa akaunti hiyohiyo, wa kwanza anatolewa. Akizigawa kwenye akaunti kumi, kila gemu inabaki kwenye kompyuta moja na wateja hawawezi kucheza pamoja. Na siku ufunguo mmoja ukikataa atakuja kwako kudai pesa, nanyi wawili hamtakuwa na njia ya kujua nani aliutumia.

Zile mbili zilizokwisha muda usizikatie tamaa. Andikia huduma kwa wateja wa duka hilo usiku wa leo, barua fupi: namba ya oda, tarehe ya kununua, barua pepe ya akaunti, majina ya gemu mbili, na picha ya ukurasa unaosema muda umekwisha. Uliza kama mchapishaji ana funguo za ziada, au kama wanaweza kukupa gemu nyingine. Hawalazimiki, lakini maombi hayo huwa wanayapokea, na kila wiki inayopita inapunguza uwezekano wa kubaki kitu.